Mama na masaa saba ya Nairobi hadi New York

January 2019 nilimpeleka mamangu Marekani, dadangu alikuwa amejifungua huko New Jersey na mama alishasema lazima amshike huyo mjukuu kabla hajakuwa mkubwa. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York ilikuwa bado mpya, ilianza October 2018, kabla ya hapo ilikuwa lazima uzungukie Ulaya, Dubai ama kwingine. Sasa mama akaiangalia tiketi, kuondoka saa tano na nusu hivi usiku, kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akaniambia kumbe ni masaa saba tu, basi la Mombasa Nairobi si linakaa zaidi?

Nikamwambia mama, hayo ni masaa ya kwao, wako nyuma yetu masaa nane, safari ni masaa 15 na ni karibu kilomita 12,000. Akanitazama tu.

Tukapaa usiku wa manane karibu, na ni afadhali usiku kwa sababu Nairobi iko juu sana, mita 1,600 na kitu, hewa nyepesi, na mchana kukiwa na joto ndege iliyojaa mafuta ya masaa yote hayo inapata taabu kunyanyuka. Mama akalala, akaamka, akauliza Alfajiri imeingia? Nikafungua dirisha, giza. Akalala tena, akaamka, giza tororo. Tushavuka Sahara, tuko juu ya bahari, na bado usiku, maana tulikuwa tunaenda magharibi na usiku unakwenda na sisi huko huko. Abiria wengine wanakoroma, yeye ameketi wima na tasbihi, anaitazama ile ramani kwenye skrini, kila saa kindege kimesogea kidole kimoja. Akasema "mwanangu, usiku gani huu hauna mwisho, hebu muulize yule msichana kama rubani anajua njia." Sikuuliza lol.

Tulitua giza ndio linaanza kuachia. Baada ya ile foleni ya pasipoti mama hakungoja mizigo, akatandika leso pale kwenye kona akaswali kabla jua halijatoka, watu wanapita na matoroli na wala hakujali.

Kurudi sasa ndio ikawa kinyume kabisa. Tuliondoka saa saba hivi mchana, upepo wa juu unavuma kutoka magharibi kwa hivyo ulikuwa unatusukuma kutoka nyuma, tukatumia masaa 14 badala ya 15. Lakini jua lilizama upesi ajabu, trei za chakula hazijakusanywa na Magharibi ishaingia. Nairobi tukafika saa tano asubuhi.

Mama nyumbani Mombasa akawahesabia majirani kwa saa za ukutani, kwenda masaa saba, kurudi 22. Kakangu akachukua kalamu na karatasi, akachora dunia, akachora jua, akaeleza mpaka jasho likamtoka. Mama akamsikiliza vizuri sana halafu akamuuliza, "wewe ulikuweko kwenye hiyo ndege?"