Jalada la Ninth House limelala bapa

Limelala! Nimeliweka juu ya kioo cha meza, nikabonyeza kona zote nne kwa kidole, na hakuna iliyocheza. Nimelisimamisha rafuni, nikalitoa, nikalilaza tena: bapa. Mvua kubwa ya juzi imelipitia, jua la baada ya mvua likalipitia, na halikusogea. Kwa mtu anayejalidi vitabu Mombasa wakati wa kusi, chumbani kunakoingia upepo wa mkono wa bahari wa Tudor mchana kutwa, hiyo ni habari kubwa, na ndiyo maana naandika usiku huu badala ya kulala.

Kitabu chenyewe ni Ninth House ya Leigh Bardugo, iliyotoka mwaka 2019. Nakala yangu ni ya mtumba, ya jalada laini, niliyoikuta kwa muuza vitabu wa kando ya barabara karibu na Digo Road. Gundi ya mgongoni ilikuwa imekauka na kupasuka, na kadiri nilivyosoma ndivyo kurasa zilivyobaki mkononi. Nilisoma nikiwa nimezibana kwa klipu. Nilipofika mwisho nikaanza upya, na kurudia huko ndiko kulikonishawishi kwamba kitabu hiki hakistahili kumalizikia kwenye mfuko wa plastiki.

Kwa ambaye hajakisoma: Alex Stern ni msichana wa Los Angeles ambaye hata shule hakumaliza. Anapewa nafasi Yale, chuo kikuu kilichoko mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, bila kulipa kitu, kwa sababu moja tu: anawaona wafu. Wenzake wanaotaka kuwaona lazima wanywe dawa inayoumiza mwili, yeye anawaona tangu utotoni. Kazi yake ni kuwasimamia wanachama wa vyama vya siri vinane vya wanafunzi, kila kimoja na uchawi wake, wasije wakavuka mpaka. Vyama hivyo si vya kubuni. Skull and Bones kilianzishwa mwaka 1832, na marais watatu wa Marekani walikuwa wanachama: William Howard Taft, George H. W. Bush na George W. Bush. Mwandishi mwenyewe alisoma Yale na alikuwa mwanachama wa kimoja kati ya hivyo vinane, Wolf's Head. Ndiyo maana kila ngazi, kila mlango na kila kona ya barabara humo ndani ina uzito wa mahali ambapo mtu amepapita kwa miguu yake.

Ninachokipenda zaidi ni hesabu ya gharama. Mwanzoni kabisa wanafunzi wa Skull and Bones wanampasua tumbo mgonjwa aliye hai na kuyasoma matumbo yake ili wajue bei za hisa zitakwendaje. Faida inakwenda kwa matajiri walio mbali, na mgonjwa ni mtu asiye na wa kumuulizia. Riwaya nzima inalirudia swali hilo: uchawi huu analipia nani? Jibu ni watu wa mji, wale wanaoishi nje ya kuta za chuo. Na wale wafu, wanaoitwa Grays, wanavutwa na damu, sukari na shamrashamra za walio hai, lakini ukiwatajia mauti wanakimbia. Sisi tuliolelewa Pwani na habari za majini na mizimu, ubani ukifukizwa ndani Alhamisi jioni, tunakisoma kitabu hiki kwa sikio jingine. Mfu asiyestahimili kukumbushwa kwamba amekufa! Nililifikiria hilo muda mrefu kuliko mauaji yenyewe ambayo Alex anayachunguza humo.

Haya, kazi. Sitarudia habari za kung'oa jalada la zamani, kusafisha mgongo na kuzipepea kurasa pande mbili huku ukipaka gundi, mnazijua. Nilichanja mitaro myembamba mgongoni, nikalaza uzi wa kitani ndani yake, nikafunika kwa shashi. Mwili wa kitabu ukatoka imara mara ya kwanza. Ukiufungua katikati unalala, na hakuna ukurasa unaotoka.

Shida ilikuwa kadibodi.

Kila nilipoivisha kitambaa, ilibenuka kuelekea nje, kingo zikainuka kama za sinia. Sababu sote tunaijua: kitambaa kikilowa gundi hutanuka, kikikauka hunywea, na kikinywea huivuta kadibodi upande wake. Dawa yake nayo tunaijua: karatasi ya ndani ivute upande wa pili mpaka nguvu zilingane. Mafunzo mengi yanaishia hapo, maana walioyaandika wanakaa nchi ambazo hewa ya ndani ni kavu. Kwangu nguvu zililingana asubuhi, alasiri upepo ukaleta unyevu, na jalada likabenuka upya. Siku nyingine lilipindia ndani, likakikumbatia kitabu kwa nguvu mpaka kurasa za mwanzo zikaingia mikunjo. Chini ya mawe lilinyooka vizuri sana. Ukiyaondoa mawe, unalitazama tu likijirudisha polepole, na unatamani kulia.

Nikarudi kwenye nyuzi, yaani mwelekeo wa nyuzinyuzi zilizomo ndani ya kadibodi. Nilikata kipande kidogo kutoka kila shiti ya kadibodi, nikalowesha upande mmoja, nikaangalia kinavyojikunja kuwa bomba. Bomba linakoelekea ndiko nyuzi zinakoelekea. Zote zilikuwa sambamba na mgongo. Kitambaa vivyo hivyo, karatasi ya ndani vivyo hivyo. Kwa kanuni zote za kazi hii, jalada lilipaswa kutulia. Halikutulia.

Kilichonifumbua macho ni kiyoyozi. Binamu yangu ana ofisi yenye baridi kali, akaniruhusu niache jalada humo likauke. Lilitoka zuri ajabu, limenyooka, jepesi. Nikalifunga kwa gazeti, nikapanda tuktuk. Nilipofika nyumbani na kulifungua, lilikuwa limekwisha kuanza kubenuka mikononi mwangu. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba ukavu haukuwa nilichokosa. Karatasi hunywa unyevu wa hewa, au huutoa, mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Ukiikausha kupita chumba itakamokaa, unaipa kiu, na itaimalizia kiu hiyo chumbani. Na haiimalizii sawasawa: upande wenye kitambaa kilichoshiba gundi hunywa taratibu, upande wa karatasi hunywa haraka. Upande mmoja unatanuka, mwingine unangoja. Kadibodi ifanyeje, kama si kupinda?

Jibu la pili nililipata Mji wa Kale, kwa seremala wa milango ninayeazima jiliwa kwake, kile kibanio cha kubania mbao. Nilimpelekea jalada lililopinda.

"Mzee, nikilibana usiku kucha halitanyooka?"

"Litanyooka humo humo jiliwani, mwanangu. Ukilitoa litarudi. Mbao zile waziona? Zimekaa humu tangu kaskazi. Sizigusi mpaka zizoee hewa ya hapa. Na kitu kipana sikitengezi kwa ubao mmoja. Naunga."

Kuunga! Nilitoka pale nikitembea mbio. Badala ya kadibodi moja nene, mbili nyembamba zilizogandishwa pamoja. Kila kadibodi ina upande inaopenda kupindia, hata ukiinunua imenyooka. Ukizigandisha zile pande zikitazamana, kila moja inamzuia mwenzake.

Basi nilifanya hivi. Shiti za kadibodi nilizisimamisha chumbani, zimeegemea kamba ili hewa ipite pande zote mbili, nikaziacha hapo mpaka zikanywa kilichokuwa cha kunywa. Kwa makusudi nilichagua siku za mvua. Nikazikata, nikazigandisha mbili mbili kwa gundi nzito, tabaka jembamba, nikazibana jiliwani katikati ya karatasi kavu ambazo nilizibadilisha mara kwa mara. Zilipotoka, kabla ya kitambaa, nilibandika karatasi nyembamba upande wa ndani, ili kadibodi ianze kuvutwa ndani kidogo kabla kitambaa hakijaivuta nje. Kitambaa kilipowadia, gundi niliipaka kwenye kadibodi, sikuipaka kwenye kitambaa. Kwa njia hiyo kitambaa hakilowi sana, na kisicholowa hakina cha kunywea. Mwisho karatasi ya ndani, kisha jiliwa, kisha jalada likasimama wima siku kadhaa likipumua pande zote.

Bapa. Naliandika tena kwa sababu linanifurahisha: bapa.

Kuhusu gundi, najua wengi wenu mnaipenda ya unga wa ngano kwa kuwa inabanduka ukitaka kurekebisha. Naiheshimu. Lakini ina maji mengi, na maji ndiyo adui wangu katika habari hii yote. Halafu hapa Pwani unga ni karamu ya mende na kuvu. Nimewahi kuitia mafuta ya karafuu, ambayo huzuia kuvu, na harufu yake kitabuni ni nzuri kweli, lakini kwa kadibodi sitaitumia tena. Gundi nyeupe ya maseremala, ile nzito isiyochuruzika, ndiyo yangu. Kisu: cha fundi viatu, kile kifupi kisicho na mpini wa maana, kilichonolewa kwa jiwe. Vile visu vya kuvunja ncha vinacheza ndani ya ala yao, na ukikata kadibodi mbili zilizounganishwa makali yanakwenda mshazari. Kulainishia mikunjo, kipande cha mfupa uliosuguliwa. Plastiki inaacha mng'aro juu ya kitambaa cheusi, hautoki.

Na kitambaa. Nilikwenda Biashara Street nikiwa na nia ya kununua kitambaa cheusi cha kung'aa, nikatoka na merikani. Nilikuwa nimeikumbuka historia yake: karne ya 19 nguo hiyo ya pamba ililetwa pwani hii kwa majahazi ya wafanyabiashara wa Massachusetts, jimbo linalopakana na Connecticut. Mkataba wa biashara kati ya Sultani Seyyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, mwaka mmoja tu baada ya Skull and Bones kuanzishwa. Wakati vijana wa New Haven wanajifungia kwenye chumba chao cha siri, nguo za majirani zao zilikuwa zikipimwa kwa mikono katika maduka ya Zanzibar. Nilipolifikiria hilo sikuweza tena kutumia kitambaa kingine. Nimeitia rangi nyeusi mwenyewe, maji matatu, na imekolea.

Mpango ulikuwa nimalizie kwa herufi za dhahabu mgongoni na usoni. Vifaa ninavyo, nimejizoesha kwenye vipande. Nimeuacha. Nikiwa nimelishika jalada tupu jeusi niliyakumbuka majengo ya vile vyama. Watu wa Yale huyaita makaburi, na mengi hayana madirisha. La Book and Snake ni la marumaru nyeupe, mfano wa hekalu la Kigiriki, na linatazamana na makaburi ya kweli ya Grove Street. Unapita nje, unajua kuna kitu ndani, ukuta hausemi. Jalada hili nalo halitasema. Halina jina wala alama, ni weusi mtupu.

Yote niliyotaka kuweka nje yanahamia ndani, kwenye karatasi za mwanzo na za mwisho. Nachora ramani: barabara za New Haven kwa wino mwekundu, na vyama vinane kila kimoja na kazi yake kama ilivyo riwayani. Skull and Bones na matumbo yao. Scroll and Key, cha mwaka 1842, wenye kufungua milango ya kwenda mbali. Book and Snake na wafu. Wolf's Head wa kubadili maumbile. St. Elmo wenye hali ya hewa. Aurelian wenye nguvu ya maneno. Manuscript, cha mwaka 1952, wenye vioo na kiinimacho. Berzelius, wasio na uchawi wowote, nitawaachia kisanduku kitupu, na nadhani hicho ndicho kitakachopendeza kuliko vyote.

Wekundu na weusi nimeuchukua kutoka kwenye misahafu ya zamani ya Siyu, kisiwani Pate, ambayo wanakili wake waliipamba kwa wekundu, weusi na manjano. Manjano nayo nitaitumia, pembezoni tu.

Ramani inabidi iishe kabla sijaunganisha jalada na mwili, maana itabandikwa juu ya ile karatasi ya ndani, na nyuzi zake nimekwisha kuzipima. Wino mwekundu unasambaa kidogo kwenye karatasi hii, kwa hiyo najaribu kuipaka kwanza maji ya shabu. Juzuu ya pili, Hell Bent ya mwaka 2023, imekwisha kufika, nayo mgongo wake umeanza kulia. Kadibodi zake nimezisimamisha kwenye kamba tangu jana.