Nilivyopata cheti cha huduma ya kwanza California, na wajuaji walionipotezea muda

Naandika hii na hasira kidogo, mtanisamehe. Kila nikikutana na Mswahili mwenzangu huku California anayeingia kazi ya uokoaji wa bwawani au zimamoto namkuta ameshajazwa maneno yaleyale niliyojazwa mimi, na wanaoyasema hawajawahi kuifungua sheria ya hicho cheti hata siku moja.

Mimi nipo kwenye bwawa la umma. Siku za kawaida nakaa kaunta nakatisha tiketi, wikiendi napanda kiti cha uokoaji. Bosi akasema lete cheti cha huduma ya kwanza, basi, ushauri ukaanza kumiminika. Wa kwanza akaniambia, "Kaka, wewe ni karani, sheria haikugusi." Nikaenda kuisoma mwenyewe. Ni kifungu 1797.182 cha Sheria ya Afya na Usalama ya California, ukiandika hiyo namba kwenye Google inakuja, na ni fupi kuliko meseji za mama mkwe. Inasema waokoaji wote wa baharini, wa fukwe za umma na wa mabwawa ya umma, pamoja na wazimamoto wote, lazima wafundishwe huduma ya kwanza ikiwemo CPR (kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi mtu ambaye moyo umesimama), isipokuwa wale ambao sehemu kubwa ya kazi yao ni ya ukarani au utawala. Sasa mtu kila wikiendi yuko juu ya kiti analinda watoto wa watu, akipata dharura atajitetea kwamba yeye ni wa tiketi? Polisi nao wana kifungu chao hapohapo jirani, 1797.183. Na mafunzo yanatakiwa yafanyike mapema iwezekanavyo, isizidi mwaka mmoja tangu uajiriwe. Watu wakisikia mwaka mmoja wanalala, wanashtuka umebaki mwezi na kozi zote zimejaa.

Mjuaji wa pili ndiye aliyeniuzia cheti cha mtandaoni. Yaani si kwamba alikiuza yeye, ila alikipigia debe mpaka ukadhani anapewa kamisheni. Dola ishirini na kitu, "unamaliza leoleo." Na kweli nilimaliza leoleo, nikisubiri nguo zikauke kwenye mashine. Maswali ya kuchagua, ukikosea linakurudia, ukikosea tena wanakuwekea jibu kwa herufi nene ulibonyeze. Kuna swali lilikuwa linauliza mtu akizimia ufanye nini, na jibu mojawapo lilikuwa "mpige picha". Nikafaulu kwa asilimia mia, ningefeli vipi? Cheti chenyewe kilikuwa kizuri jamani, kina mpaka wa dhahabu, muhuri unang'aa, na saini ya daktari ambaye sina hakika kama aliwahi kuzaliwa. Nikakiprinti kwa rangi kwenye karatasi nzito, nikakiweka kwenye bahasha, nikampelekea mama wa ofisini. Akakishika kwa vidole viwili, akakigeuza nyuma, akauliza, "Masaa mangapi?" Nikakohoa. "Na mdoli wa mazoezi ulimkandamizia wapi kifua?" Kwisha kazi.

Kumbe kanuni za jimbo, zile za Title 22 (sehemu ya kitabu cha kanuni za California), zinataka mafunzo yasiyopungua masaa 21, na ndivyo ilivyo tangu 2015. CPR yenyewe iwe ya kiwango cha wahudumu wa afya, siyo ile ya mtu wa kawaida, na kozi iwe imeidhinishwa, mara nyingi na mamlaka ya huduma za dharura ya eneo lako. Kabla hujalipa uliza wameidhinishwa na nani, wakianza kuzungukazunguka ondoka. Ila kama una cheti cha EMT (mhudumu wa dharura, wale wa magari ya wagonjwa) ambacho bado kinafanya kazi hicho kinakubalika, huna haja ya kuanza upya.

Nikalipa kozi ya ukweli, dola mia na ushee. Humo ndani kuna kila kitu, kiharusi, sukari, kifafa, kuungua, joto kali, hadi dharura za mama mjamzito. Torniketi, ule mkanda wa kukaza mkono au mguu ili damu isitoke, ilinitoa jasho. Inafungwa juu kidogo ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, siyo kwenye jeraha lenyewe wala kwenye goti au kiwiko, unazungusha kijiti mpaka damu ikate na unaandika saa uliyoifunga, na ikifungwa sawasawa inauma kweli, aliyejitolea kufungwa alitukana kwa Kihispania.

Lakini utamu ulikuwa kwenye mdoli. Mdoli wetu ana taa, ukikandamiza kwa kasi inayotakiwa, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, inawaka kijani, ukizubaa inageuka njano. Unakandamiza mara 30, unapuliza pumzi 2, unarudia. Mi nikawa nahesabu kwa Kiswahili maana kwa Kiingereza nikihema nachanganya. Moja mpaka kumi kijani tupu, safi, najiona daktari. Nikifika kumi na moja, njano! Ishirini na saba nikiimaliza mdoli alishakufa na mazishi yamefanyika. Mwalimu haelewi, ananiambia mikono iko vizuri tatizo nini. Nikamwambia tatizo namba zetu, baada ya kumi zinakuwa ndefu na mikono inazisubiri. Dawa yake hii hapa, hesabu kumi mara tatu, ila kila mzunguko uanze na namba yake. Wa kwanza moja mbili tatu nne mpaka kumi, wa pili MBILI mbili tatu nne, wa tatu TATU mbili tatu nne. Kumi ya tatu ikifika unapuliza. Taa haikugeuka tena, na mwalimu akaniita mbele niwaonyeshe wengine, nikawaonyesha kwa mapozi kabisa. Kina cha kukandamiza ni sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, na kifua kiachie kirudi juu chenyewe.

Halafu kuna hawa wa "usimguse mtu utashtakiwa." Hii hofu ina chanzo. 2008 mahakama ya juu kabisa ya California ilisema kinga ya msamaria, yaani ile ya kisheria inayomlinda anayesaidia asishtakiwe, ni kwa anayetoa msaada wa kitabibu tu, siyo kwa aliyemvuta mtu kwenye gari lililopata ajali. Watu wakaishia hapo. Bunge la jimbo likarekebisha sheria 2009, sasa anayesaidia bure kwa nia njema analindwa hata kama msaada siyo wa kitabibu, isipokuwa awe mzembe kupindukia. Wewe uliye kazini unalipwa, kwa hiyo usijifiche kwenye kinga ya msamaria, waulize mwajiri au chama chenu kinga yenu ni ipi.

Marudio ya mafunzo ni masaa 8 kila miaka miwili, weka alamu kwenye simu. Siku ya mdoli vaa suruali laini maana magoti yanateketea, na usivae shati jeupe, damu ya bandia haitoki. Cheti kikija kipige picha pande zote mbili siku hiyohiyo, changu ofisini walishakipoteza halafu wakaniuliza mimi kiko wapi.