Nilivuka Likoni na Krenki Begani

Krenki ya trekta, kile chuma kizito kinachozungushwa na pistoni ndani ya injini, haina mahali pazuri pa kuishika. Ukiishika katikati inapinduka, ukiikumbatia inakuchoma mbavu. Niliifunga kwa magunia mawili na ukanda wa mpira, nikapanda nayo matatu ya Likoni kutoka Ramisi saa kumi na moja alfajiri, kwenda kuitafutia spea mjini Mombasa. Utingo alitaka kuitupa juu ya keria. Nikamwomba aniache niishike mapajani, maana krenki ikigongwa vibaya hupinda kwa kiasi ambacho jicho halikioni.

Pale kivukoni wanaovuka kwa miguu hawalipi, kwa hivyo niliungana na umati wa watu wa kazini, mzigo begani. Feri ilipoondoka niligeuka upande wa bandari. Winchi za Kilindini zilikuwa bado zinawaka taa, na nikakumbuka jambo ambalo baba hupenda kulisema: trekta letu lilishukia hapa. Ni Massey Ferguson 135, lililoundwa Coventry, Uingereza, katika kiwanda kilichoyaunda matrekta hayo kuanzia 1964 hadi 1975. Likaja kwa meli, likavuta matrela ya miwa miaka yote ambayo kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikuwa kinasaga. Kiwanda kilifungwa mwaka 1988. Trekta halikufungwa. Baba alilinunua likiwa limechoka, na hadi leo ndilo linalolima mashamba yetu na ya majirani kabla ya mvua za masika.

Sasa lilikuwa limelala chini ya mwembe, vipande viwili. Asiyeyajua matrekta haya huenda asielewe kwa nini. 135 halina chesisi kama lori. Injini na gia boksi ndizo uti wa mgongo wenyewe, zimefungwa moja kwa nyingine kwa bolti. Ukitaka kuifikia klachi, au sili ya nyuma ya krenki, ile inayozuia oili isivuje, ni lazima ulikate trekta katikati, nusu ya mbele iende huku na nusu ya nyuma ibaki kule. Tulikuwa tumelikata mara mbili mwaka uleule. Mara ya kwanza oili ilikuwa imevuja hadi klachi ikalowa na kuteleza. Nikaagiza seti ya gasketi kwa simu kutoka duka moja la mjini, nikataja jina la trekta tu. Ikaja na sili ya mpira ya mviringo, ya injini iliyotengenezwa baadaye. Hausingi yetu, yaani kasha linaloishika sili, ni ya zamani, ya vipande viwili, inayochukua sili ya kamba. Fundi wetu akajaribu kuilazimisha ile ya mpira. Wiki tatu, oili ikarudi palepale. Tulipofungua mara ya pili tukakuta metali, vile vipande vya nusu duara ambavyo krenki huzungukia ndani yake, nazo zimekula krenki. Ndipo nikaapa kwamba safari hii sitaji jina kwa simu: nitabeba chuma chenyewe.

Mwembe Tayari, mjini Mombasa, nilifika maduka ya spea yakifunguliwa. Maduka matatu ya kwanza yalinipotezea muda. Mmoja alinishauri niuze chuma chakavu. Mwingine alinitolea metali ndani ya boksi lenye nembo kubwa ya kupendeza, lakini mgongoni mwa metali zenyewe hapakuwa na chapa yoyote ya kipimo. Nikamrudishia. Metali iliyotengenezwa kwa krenki iliyosagwa hugongwa namba mgongoni, 010, 020 au 030, yaani sehemu za elfu za inchi zilizopunguzwa. Boksi mtu anaweza kulichapisha popote.

Duka la nne lilikuwa la mzee mmoja mwenye kofia ya viua, ameketi nyuma ya kaunta ya mbao iliyokolea oili.

"Asalaam aleikum, mzee."

"Waaleikumu salaam, mwanangu. Wabeba maiti?"

Nikafungua gunia. Hakuuliza ni ya trekta gani. Aliigeuza, akapitisha kidole pale nyuma ambapo sili hukaa, akasema, "Hii ni Perkins ya silinda tatu. 3.152. Na yako ni ya kamba."

Nilihisi kama mgonjwa aliyeguswa panapouma bila kuulizwa.

Akanieleza akiwa anatafuta rafuni. Jina 3.152 linasema lenyewe: silinda tatu, ujazo wa inchi 152, ambao ni kama lita 2.5. Injini hii haikufa pamoja na 135. Pakistan iliendelea kuiunda ndani ya Massey 240, na ndiyo sababu pistoni, ringi na gasketi nyingi bado zaingia Mombasa mpya kabisa. "Watu wasema trekta la kizamani halina spea," akasema. "Spea ziko. Wao hawajui waulize nini. Atakuja mtu hapa, aniambia nataka sili ya Massey. Massey gani? Ya mwaka gani? Kamba au mpira? Anyamaza." Akaniwekea kaunta bahasha ndogo ya khaki, ndani yake vipande viwili vya kamba nyeusi iliyosukwa, vyenye kung'aa kwa grafiti. Vitu vyepesi hivyo ndivyo vilivyotukatisha trekta mara mbili.

Nilipotaka kununua na metali akakataa kuniuzia. "Ipime kwanza. Ukinunua metali kabla ya krenki kupimwa, wanunua viatu vya mtu usiyemwona mguu."

Akanielekeza karakana moja Shimanzi, kati ya magodauni. Mkokoteni ulinibebea mzigo hadi kituo cha matatu, na hiyo ndiyo pesa niliyoitoa kwa moyo mweupe kuliko zote siku ile. Karakanani fundi wa kukereza aliifuta krenki kwa dizeli, akaipima kwa mikromita kila shingo, pale inapozungukia ndani ya metali, mara mbili, mara moja wima na mara moja ubavu, ili aone kama imekuwa yai. Ilikuwa imekuwa yai. Tena ilikuwa imeshawahi kusagwa 10, kabla hata baba hajalinunua trekta. Ikabidi iende 20. Baada ya hapo imebaki kusagwa mara moja tu, ya 30, kisha ni kutafuta krenki nyingine.

Ilikuwa Alhamisi. Akaniambia nirudi Jumamosi, kwani Ijumaa wangefunga mapema kwa swala. Nikalala kwa ami yangu Majengo, na jioni zile mbili tulikaa barazani na kahawa chungu na kashata, nikimsimulia habari za krenki naye akinisimulia habari za majahazi. Aliwahi kufanya kazi bandarini. Aliponieleza jinsi upepo wa chumvi unavyokula chuma kisichopakwa mafuta, nikaelewa kwa nini yule mzee wa spea huhifadhi kila kitu ndani ya grisi na karatasi ya nta.

Jumamosi krenki iling'aa kama kioo. Lakini fundi hakunionyesha mng'aro. Alinionyesha kona, pale shingo inapokutana na ukuta wake. Hapo lazima pabaki na mviringo mdogo. Akisaga mtu asiyejua akaiacha kona kali, krenki hupasuka papo hapo siku trekta likibeba uzito. Akanionyesha pia matundu ya oili, akapitisha waya na dizeli ndani yake, uchafu mweusi ukatoka. Jambo hilo lilinishtua sana: uchafu ule ungebaki ungekula metali mpya ndani ya saa chache.

Nikarudi kwa mzee, safari hii nikiwa na namba. Metali za 020, chapa mgongoni, kipande kwa kipande tukazisoma pamoja. Alipokuwa akifunga karatasi akaniagiza: kamba ikazwe ndani ya hausingi kwa kuviringisha chuma cha duara, na ncha zake ziachwe zichomoze kidogo sana, robo hadi nusu milimita, zibanane zenyewe hausingi ikifungwa. Usizikate sawasawa na hausingi. Nilimwomba arudie, nikaandika.

Nyumbani tulifunga kwa siku mbili. Injini iliunguruma Jumanne alasiri, baba akiwa ameketi kigodani bila kusema neno. Chini ya kava ya klachi ya 135 kuna tundu dogo lenye pini, na oili ya sili ikivuja hudondokea hapo. Tulililimisha kipande cha Mzee jirani hadi magharibi, kisha nikalaza kadibodi ya boksi la metali zetu mpya chini ya tundu.

Asubuhi niliiokota. Ilikuwa kavu. Nikampelekea baba aishike.