Volti Mbili na Ushei

Masika ya 2017 ziwa la Mwanakwerekwe, hapa Unguja, lilifurika kama kawaida yake, na gari zilizokuwa zikikata yale maji ziliniletea kazi bila ya mimi kutoka kibandani: altaneta (jenereta za gari) zilizolowa, plagi zilizoingia maji, nyaya za magurudumu zilizokatika. Kwa hivyo Maalim alipokuja na gari yake ndogo ya injini ya cc 1300, akanambia usukani unakuwa mzito, swali langu la kwanza lilikuwa kama ameivusha kwenye maji.

"Sijaivusha popote, fundi. Nnayo siku tisa tu. Hata harufu ya kwao Japani haijatoka."

Alieleza kama anavyoeleza mwalimu, kwa mpango. Asubuhi akitoka Fuoni usukani ni mwepesi, unazungushwa kwa kidole. Barabarani hakuna tabu. Akifika Darajani, akitafuta pa kuegesha, akienda mbele na kurudi nyuma mara mbili tatu, usukani unageuka jiwe na taa ya chungwa yenye herufi EPS, yaani usukani wa umeme, inawaka. Akizima gari na kuwasha tena, taa imeondoka na usukani umerudi. Usiku hali ni mbaya zaidi, na usiku wa mvua ndio khasa. Ningemsikiliza vizuri siku ile, kazi ingekwisha kwa saa moja, maana kila alichonambia kilikuwa kinanyoosha kidole mahali pamoja.

Kabla ya kuja kwangu alishapita gereji nyengine. Kijana wa huko alitafuta kopo la mafuta ya usukani, hakuliona, akafungua kopo la breki akitaka kumimina mafuta ya giaboksi humo. Maalim akamzuia kwa sababu kifuniko kilikuwa kimeandikwa. Alijiokoa na balaa. Mafuta ya giaboksi yakiingia kwenye breki, mipira yote ya ndani huvimba, na dawa yake ni kubadilisha mipira ya silinda kubwa na ya magurudumu yote manne, pamoja na kusafisha mabomba. Usukani wa gari ile hauna mafuta hata tone. Hauna pampu, hauna mkanda. Chini ya dashibodi, juu ya magoti ya dereva, kuna mota ya umeme iliyofungwa kwenye kolamu, yaani mhimili wa usukani, kuna kitambuzi kinachopima nguvu ya mkono wako, na kuna kompyuta inayoiambia mota isaidie kiasi gani.

Nilianza na mambo ya bure. Kibandiko cha mlangoni kwa dereva kilisema upepo wa matairi uwe 230 kPa, yaani kama psi 33. Mbele nilikuta 21 na 23. Matairi laini huufanya usukani uwe mzito hata kwenye gari nzima, na huilazimisha mota kuvuta umeme zaidi, basi nikajaza. Nikainyanyua mbele kwa jeki, injini imezimwa, nikazungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho kwa mkono. Ulikwenda sawasawa, hakuna pa kukwama, hakuna mlio. Hapo raki (chuma kinachosukuma magurudumu kulia na kushoto), boljointi na shafti ya katikati zikatoka lawamani. Kipimo hichi ni cha dakika tano na watu wengi hawakifanyi, wanakimbilia kununua raki.

Kosa langu la kwanza lilikuja baada ya hapo. Nilikuwa na kile kimashine kidogo cha bei rahisi kinachochomekwa chini ya dashibodi na kusomwa kwa simu. Kikasema gari haina kosa. Nami nikakiamini, ilhali vimashine vya namna ile kwa kawaida husoma kodi (namba za makosa) za injini tu, zile zinazoanza na P. Kodi za usukani, breki na chasisi huanza na C, na zinataka mashine inayoweza kuongea na kompyuta hizo. Kwa hivyo jibu la "hakuna kosa" lilikuwa kama kumuuliza jirani habari za nyumba ya pili.

Nikapima betri. Gari imezimwa: volti 12.3. Wakati wa kupiga stata ikashuka hadi 9.2, na betri ya kuaminika haitakiwi kushuka chini ya 9.6 au hapo karibu. Ni jambo la kawaida kwa gari zinazotoka nje. Betri inakaa yadi, inapanda melini, inakaa bandarini, kila mara inaisha na kushtuliwa, mpaka inafika mkononi mwa mnunuzi ikiwa mgonjwa. Nikamuuzia Maalim betri mpya ya NS60, ya Ah 45. Usukani ukawa mwepesi. Akalipa, akanishukuru, akaenda zake.

Siku tatu.

Aliporudi taa ilikuwa imewaka palepale mlangoni kwangu. Nikaona aibu, na fundi mwenye aibu ndiye fundi wa khatari, kwa sababu anataka kuonekana anajua. Nikasema: basi hii ni kolamu, mota yake imechoka. Nikampigia mtu wa Dar es Salaam anayeuza vipuri vya mtumba, akanitajia laki tatu na nusu, nikamwambia aitafute. Maalim hakusema kitu. Alitazama chini, akahesabu kwa vidole, nikajua anahesabu mishahara.

Jioni ya pili, baada ya Isha, mvua inanyesha, alipita kuuliza kama kolamu imepatikana. Nikatoka na mwamvuli kumwelekeza aingize gari chini ya bati. Nilikuwa nimesimama mbele ya gari, taa zinanipiga usoni. Kila alipokata usukani, taa zikafifia. Akiuachia, zikarudi. Akakata tena, zikafifia tena, mpaka nikaweza kumtazama machoni.

Nikamwambia azime awashe. Stata ikapiga kwa nguvu, mapigo yake hayakutetereka hata kidogo. Hapo ndipo niliposhtuka. Ingekuwa umeme wa betri ni dhaifu, stata ndiyo ingekuwa ya kwanza kulalamika, kwani yeye ndiye mlaji mkubwa kuliko wote. Lakini stata imefungwa kwenye injini, na injini ina waya wake wa ethi, yaani wa kurudishia umeme kwenye hasi ya betri, unaotoka betrini kwenda giaboksi. Taa na usukani vinarudisha umeme wao kupitia bodi, na bodi ina waya mwengine, mfupi, unaotoka kwenye hasi ya betri na kufungwa kwa bolti moja chini ya trei la betri. Waya huo sikuwa nimeutazama.

Nikatoa mita, nikaiweka kwenye volti 20 za DC. Injini inaunguruma polepole, taa kubwa zimewashwa, waipa zinafanya kazi, feni iko juu kabisa. Nilitaka mzigo wote uwepo, kwa sababu ethi mbovu ukiipima bila mzigo inakuonesha sifuri na kukudanganya. Ncha nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, si kwenye kibanio chake. Ncha nyekundu kwenye bolti tupu ya bodi. Nikamwambia Maalim azungushe usukani gari ikiwa imesimama. Mita ikaruka kutoka 0.5 hadi 2.4. Pale panatakiwa pasizidi 0.2.

Upande wa chanya nao nikaupima kwa njia hiyohiyo, kutoka nguzo ya chanya hadi upande wa kutokea wa fyuzi ya ampea 50 ya usukani: 0.3. Si mbaya. Nguzo kwa nguzo betrini, wakati usukani umekatwa hadi mwisho, zilibaki volti 11.9, kwani altaneta injini ikiwa polepole haitoshelezi mzigo wote ule. Toa 2.4 za ethi, toa 0.3 za chanya, mota na kompyuta yake zinabakiwa na 9.2. Kompyuta nyingi za usukani hujitoa kazini umeme ukishuka kwenye volti 9 au 10. Inazima msaada, inawasha taa, na inasubiri uzime na kuwasha upya. Betri mpya niliyomuuzia iliongeza kiasi kidogo cha umeme, ikauficha ugonjwa kwa siku tatu, mpaka mvua ya usiku ikaja na waipa na taa.

Hata kule kwenda vizuri barabarani kukapata maana. Gari ikiwa mwendoni tairi linageuka kwa urahisi na mota inavuta umeme mdogo. Gari ikiwa imesimama, mpira umeng'ang'ania lami, mota inavuta ampea 40 na zaidi. Ampea 40 mara volti 2.4 ni wati 96, zote zinageuka moto kwenye kiungo kimoja. Nilipoigusa ile bolti baada ya Maalim kuzungusha mara kadhaa, niliondoa kidole haraka.

Tulisubiri kukuche. Nikafungua hasi ya betri kwanza, kwa spana namba 10, ndipo chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hutazisahau. Nikatoa betri, nikatoa trei. Chini yake palikuwa na unga mweupe na wa kijani, na kutu iliyonyanyua rangi kama maganda. Gari nyingi za Kijapani zimekwenda kwenye barabara za theluji zinazomwagiwa chumvi, kisha zikapanda meli, kisha zikaja kisiwani kwetu ambako chumvi iko kwenye upepo. Na betri ile ya zamani ilikuwa inatema asidi pale pale. Nikachana ala ya waya: shaba ilikuwa nyeusi na kijani ndani kwa ndani, sentimita kama nne kutoka kichwani. Kuusafisha ule waya ni kujidanganya, unatupwa.

Nikakata waya mpya wa shaba wa milimita 25 za mraba, urefu wa sentimita 40, nikaubana vichwa vya shaba kwa mashine ya kubania. Kuna wanaogonga kwa nyundo, na ndio hao hao gari zinawarudia masika yajayo. Bodi nikaisugua kwa brashi ya waya kisha msasa mpaka bati likang'aa, duara la upana wa sarafu. Bolti mpya, washa ya meno, nikakaza kwa spana namba 12. Baada ya kukaza, si kabla, nikapaka Vaselini juu na pembeni kuzuia hewa ya chumvi, na rangi kwenye bati lililobaki wazi. Nikaufanyia na waya wa giaboksi usafi, maana nilishaufikia.

Betri ikarudi, chanya kwanza safari hii, hasi mwisho. Taa ya EPS ikabaki imewaka na Maalim akanitazama. Katika baadhi ya gari, betri ikitolewa kompyuta husahau usukani umekaa wapi. Nikawasha injini, nikakata usukani hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto, nikaurudisha katikati, nikaenda nayo mbele moja kwa moja mpaka karibu na soko na kurudi. Taa ikazimika yenyewe. Nikapima tena na mzigo wote: 0.08.

"Ungenikatikia barabarani?" Maalim akauliza, akiwa bado hajaingia garini.

Nikamwambia hapana. Usukani wa umeme ukifa, chuma bado kinaunganisha mikono yako na raki. Unakuwa mzito lakini unageuka, shika kwa mikono miwili, punguza mwendo, weka pembeni. Asichotakiwa kufanya ni kuzima gari na kuchomoa ufunguo ikiwa bado inatembea ili taa iondoke, kwa sababu usukani ukijifunga hapo hakuna tena cha kushika. Akanyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba pale Kilimani alishafikiria kufanya hivyo.

Bei ya waya, vichwa na bolti haikufika elfu ishirini. Betri sikumrudishia pesa, kwa kuwa ile ya zamani kweli ilikuwa imekwisha, lakini kazi sikumtoza.

Nikampigia mtu wa Dar kumwambia aache. Kolamu ilikuwa imeshapanda boti. Ikafika Malindi Ijumaa, nikailipia mwenyewe, na nauli yake. Sikuwahi kuiuza. Kolamu ya mtumba huja na kitambuzi chake, na ukishaifunga lazima kipangiwe sifuri upya kwa mashine, matairi yamenyooka na hakuna mkono kwenye usukani, vinginevyo gari inajivuta upande mmoja peke yake. Mashine ya kufanya hivyo sikuwa nayo mwaka ule. Maana yake ningemchukulia Maalim laki tatu na nusu, nikamfungia kolamu, nikampa ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Iko ukutani hadi leo, nimeikata ubavu. Vijana wanaokuja kujifunza nawaonesha kile kijiti chembamba cha chuma katikati, kinachojisokota kwa nyuzi chache tu ukikaza mkono, na gurudumu la meno la plastiki linalosukumwa na mota. Wanapenda kukizungusha. Nikiwauliza ethi ya bodi iko wapi kwenye gari iliyoegeshwa nje, wengi bado wanatazama juu ya betri.