Kumbukumbu ya mradi: kuuchora mwezi kwa wino

Mwezi wa siku ya nne. Hatimaye nimeanza kuuchora mwezi kwa mkono, nikitumia darubini inayokuza mara 20, kiasi kinachokaribiana na kile alichokuwa nacho mwanaastronomia wa Italia Galileo Galilei mwishoni mwa mwaka 1609. Matokeo ya leo ni duni: mstari uliopinda unaotenga nuru na giza, na madoa machache ambayo hata mimi mwenyewe siwezi kuyaeleza. Nimejifariji kwa kumkumbuka Mwingereza Thomas Harriot, aliyemtangulia Galileo kwa miezi kadhaa na kuuchora mwezi kwa darubini katikati ya mwaka huohuo, kwani mchoro wake wa kwanza nao ulikuwa mstari na madoa.

Siku ya saba. Penseli nimeiweka kando, nikachukua brashi na wino wa kahawia uliozimuliwa kwa maji, kama alivyofanya Galileo katika michoro yake inayohifadhiwa Florence. Tofauti imejitokeza mara moja, kwa sababu wino humlazimisha mchoraji kufikiria vivuli kabla ya mistari. Nilikaa na kasoko moja, yaani shimo la mviringo lenye kuta, kwa karibu saa nzima. Ukuta wake ulio upande wa jua umo gizani, ilhali ukuta wa mbali unang'aa, na hapo ndipo jicho linapopata hakika kwamba lile ni shimo. Kwa kilima mambo huwa kinyume. (Nilipougeuza mchoro juu chini, mashimo yangu yote yakageuka vichuguu, jambo lililonichekesha peke yangu gizani.)

Ndani ya sehemu yenye giza niliona nukta ya nuru iliyojitenga, ambayo baada ya saa mbili hivi ilikuwa imetanuka: kilele kilichopata jua kabla ya bonde lake. Galileo alitumia nukta za namna hiyo kukadiria kwamba milima ya mwezi ina kimo cha zaidi ya maili nne. Katika duara langu lenye kipenyo cha sentimita 20, nukta ilikuwa milimita 6 kutoka mpaka wa nuru, na kwa kanuni ya Pythagoras nimepata kilomita 3 na kidogo. Sidai kwamba vipimo vyangu ni vya kutegemewa, lakini kupata kimo cha mlima kutoka kwenye doa la wino ni raha ya pekee.

Siku ya kumi. Mawingu. Nimeutumia usiku kusoma habari za Cigoli, mchoraji na rafiki wa Galileo, ambaye kufikia mwaka 1612 alikuwa amemchora Bikira Maria katika kanisa la Santa Maria Maggiore, Roma, akiwa amesimama juu ya mwezi wenye kasoko. Mwaka uliofuata Galileo alipokewa katika chuo cha wachoraji cha Florence, na kwa maoni yangu alistahili, kwani Harriot naye alikuwa na darubini. Mafunzo ya kutia vivuli ndiyo aliyoyakosa.

Siku ya kumi na tano. Mwezi mpevu umevifuta vivuli vyote na milima yangu imetoweka. Nitasubiri upungue, ili niichore upya kasoko ileile ukuta wake mwingine utakapoingia gizani.