Sitaki Uje Mwenyewe

Leo ni siku ya tano, na bado ninausoma ujumbe ule ule. Jumapili asubuhi shangazi aliniandikia: "Nimpe kijana wa bodaboda mahamri na mbaazi akuletee?" Nami, mkono mmoja ukiwa ndani ya masanduku, kwani ndiyo wiki tuliyohamia Kisauni, nikamjibu: "Sitaki uje mwenyewe."

Nilikusudia "Sitaki, uje mwenyewe." Mahamri yakaletwa na bodaboda, yangali moto, ndani ya bakuli lake la maua, bila hata salamu.

Mnajua kwamba kazi yangu ni kusahihisha insha, na kwamba kalamu yangu nyekundu haimsamehe mtoto anayesahau koma. (Vitabu vingine huiita mkato na vingine kipumuo, hili la mwisho hunikera, kwa sababu watoto hulielewa vibaya na kuitia koma kila wanapoishiwa na pumzi.) Ni mimi niandikaye ubaoni kila muhula kwamba "Mwalimu Juma amefika" ni habari ya mtu mmoja, na "Mwalimu, Juma amefika" ni ya watu wawili. Kumbe simuni huandika kama mtu anayekimbizwa.

Jumanne nilimpigia nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Si ungesimama, mwanangu? Mbona chuoni ulikuwa ukisimama?"

Ni yeye aliyenisomesha Kurani chuoni Mji wa Kale, akinionyesha kwa kijiti, katika aya ya 2 ya Suratul Baqara, zile nukta tatu tatu zilizowekwa mahali pawili: ukisimama pa kwanza, usisimame pa pili. Msomaji mmoja husimama penye "hakuna shaka", mwingine huendelea hadi "ndani yake" ndipo asimame, na wote wawili wamesoma sawa. Sentensi yangu haikuwa na hiari hiyo. Ilikuwa na mahali pamoja tu pa kusimama, nami nikapapita. Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka, na kifua changu kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Halafu, kabla ya kukata simu, akasema polepole, "Ila siku ile nilisononeka."

Kesho nitakwenda kwake. Bakuli lake bado liko kabatini mwangu, na chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, nami katika nyumba hii mpya hata jiko sijaliunganisha.