Mtutu mzito sio lazima uwe mtutu mzuri

Vijana wanaotaka kuingia kazi ya uwindaji wa leseni huku kwetu Kiruhura, Uganda, kwenye mashamba yanayopakana na hifadhi ya Lake Mburo, swali lao kwangu ni hilihili, bunduki ya kazi zote niichukue na mtutu mwembamba au mnene? Na swali ni la maana kabisa, sababu kupata cheti cha silaha polisi sio mchezo na risasi ni bei, kwa iyo hiyo moja utakayopata lazima ikutoshe kwa impala, ngiri, nyamera, mpaka pofu. Nyati namweka pembeni, yule ana kaliba zake.

Msimamo wangu: chukua mwepesi, lakini sio ule mwembamba kama mrija, alafu uwe mfupi.

Wanaosifia mtutu mnene wanaongelea joto na hapo wana haki. Hapa Uganda kila mtu anaijua SMG, ile AK ya askari wetu. Sa kuna ndugu yake RPK, risasi ni ileile ya 7.62x39 lakini mtutu ni mrefu na mnene zaidi, sababu ile imetengenezwa kufyatua mfululizo na chuma kingi kinachelewa kushika moto. Ila kikishashika kinachelewa kupoa pia, hii watu huwa hawaisemi. Mtutu mwembamba ukipiga risasi nne tano harakaharaka huwezi kuushika kwa kiganja, na baadhi yao hapo ndo matundu kwenye karatasi yanaanza kuhama, yanapanda pole pole au yanaelekea upande mmoja, na ukiangalia kwenye darubini unaona hewa inachezacheza mbele ya shabaha kwa ajili ya mvuke wa joto unaotoka kwenye chuma.

Lakini niambie, porini nani anapiga risasi nane kwa dakika? Impala akisikia mlio wa kwanza ameshaingia kwenye miti ya miiba, umepata au umekosa, ukibahatika sana utapata nafasi ya pili. Risasi inayokulisha ni ile ya kwanza, mtutu ukiwa wa baridi, na hiyo mtutu mwembamba uliotengenezwa vizuri unaiweka palepale kila siku. Kinachoharibu ni chuma kilichobaki na mkazo ndani tangu kiwandani, kikipata moto kinajipinda kidogo, na mtutu mnene wa ovyo nao ni wa ovyo tu.

Alafu kuna kubeba banange! Tofauti kati ya mtutu mwembamba na mnene kweli kweli inafika nusu kilo mpaka kilo nzima, na uzito wote uko mbele, saa nane mchana kwenye vilima vya Nyabushozi mkanda unakata bega na ukija kuinua bunduki mkono umeshachoka. Jeff Cooper, yule Mmarekani aliyelifikiria sana jambo la bunduki ya kazi zote miaka ya 1980, alitaka iwe kama kilo 3 na isipite 3.5 pamoja na darubini, urefu usizidi mita moja. Na Bell, yule wanayemwita Karamojo Bell sababu ya tembo aliowawinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, alipenda bunduki nyepesi ya risasi ya 7x57. Kwa tembo simshauri mtu amuige, lakini yule alitembea kwa miguu siku nzima, alijua anachobeba.

Sitaki kuuonea mtutu mzito. Ukiwa umeegemeza bunduki kwenye fimbo tatu zilizofungwa pamoja na moyo unapiga, mdomo mzito wa mtutu hautikisiki hovyo, wakati ule mwembamba sana unacheza na kila pumzi. Na bunduki nyepesi inapiga teke begani, mwenye bunduki ya risasi kubwa kama .30-06 anajua. Ndo maana nakataa ule mwembamba kupita kiasi.

Dawa ninayoipenda mimi ni urefu. Mtutu wa inchi 24 ukiukata ubaki inchi 20, unene uleule, ugumu wake dhidi ya kupinda unapanda kama asilimia 70, na umepunguza uzito hapohapo. Unachopoteza ni kasi kidogo, kwa risasi ya .308 ni kama mita 6 mpaka 9 kwa sekunde kwa kila inchi, na huku kwetu unapiga mita 80, mita 150, pofu hataona tofauti. Mlio tu ndo unakuwa mkali zaidi, ziba masikio. Kitu kingine, mitutu miwili yenye unene sawa kwa nje, mmoja wa risasi ya .243 na mwingine wa .308, wa .243 ndo mzito na mgumu zaidi, tundu lake ni dogo kwa iyo chuma kilichobaki ni kingi, usidanganyike kwa macho.

Kabla hujalipa, chukua noti ya elfu moja, ipitishe kati ya mtutu na mti wa mbele, ule wa kushikia chini ya mtutu, uivute mpaka karibu na chemba, pale risasi inapokaa. Kama bunduki imetengenezwa mtutu uelee, yaani usiguse mti, na noti inakwama njiani, mti unausukuma mtutu, na ule mwembamba ndo unaonewa zaidi, hata ukiegemea fimbo vibaya risasi inahama. Fundi aukwangue mti, asiguse mtutu. Alafu ukienda kuijaribu usimalize boksi kwa mkupuo, piga moja, funga, rudi kesho asubuhi upige nyingine kwenye karatasi ileile, mpaka ziwe nne tano, hayo matundu ndo uyapime.